Mashine ya Juisi na Ndoo ya Maji

Msimu wa machungwa, wapitao Segera wilayani Handeni, au Korogwe mjini, hurudi nyumbani na kapu zima. Ndipo huzuka swali: mashine ipi inunuliwe?

Mashine ya kukamua hutenga maji ya tunda na makapi, na nyuzinyuzi huenda na makapi. Blenda husaga vyote, usipochuja, hubaki. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, huiweka sukari ya juisi ya matunda kundi moja na ile ya kuongezwa. Glasi ya mililita 250 huhitaji machungwa matatu hivi, nayo hubeba gramu 20 za sukari au zaidi. Mwenye kisukari ni heri ale chungwa moja, pamoja na nyama yake. Juisi aikumbuke sukari inaposhuka ghafla: nusu glasi hutosha kuanzia.

Ambalo muuzaji hulisahau ni maji. Chujio lenye vitundu vidogo hunasa makapi, na yakilala humo vijidudu huzaliana. Handeni, ambako ndoo ya maji huhesabiwa, mashine ya vipande vingi ni mzigo. Kikamulio cha mkono hakidai umeme, na maji kidogo ya moto yenye sabuni hukitakasa.