Faharasa ya Utafutaji: Moja kwa Wote au Kila Tovuti na Yake?

Faharasa ya utafutaji ni orodha inayoonyesha kila neno limo katika kurasa zipi. Mfumo wa kusimamia maudhui, kama Drupal, unaweza kuiuliza orodha hiyo badala ya kupekua kurasa zote kila mtu anapotafuta jambo. Mfumo mmoja unapoendesha tovuti kadhaa, mathalani za kitivo cha tiba na cha sheria katika chuo kimoja, hapana budi kuamua kama zitachangia faharasa moja au kila moja itakuwa na yake.

Faharasa ya pamoja ni rahisi kuitunza, na msomaji hutafuta kotekote kwa mkupuo mmoja. Kila waraka hutiwa alama ya tovuti ulikotoka, na anayetaka tovuti moja tu huchujiwa kwa alama hiyo. Hapo pana mtego ambao wengi hawauoni. Lucene, programu iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999 na iliyo msingi wa Solr na Elasticsearch, hulipa neno adimu uzito mkubwa kuliko neno lililozagaa, na hesabu hiyo hugusa faharasa nzima, si nyaraka zilizobaki baada ya mchujo. Mathalani, nyaraka za tiba ni 9,000 na za sheria 1,000. Anayeandika “sheria malaria” katika tovuti ya sheria anazitaka nyaraka chache zinazotaja malaria. Lakini malaria imejaa upande wa tiba, basi huhesabiwa neno la kawaida. “Sheria”, lililomo karibu katika kila waraka wa tovuti ya sheria lakini haba upande wa tiba, ndilo huonekana adimu. Matokeo huweza kupangika kichwa chini miguu juu.

Faharasa tofauti huondoa kasoro hiyo, na kila moja huweza kufuata kanuni za lugha yake. Kanuni za Kiingereza hukata miisho ya maneno. Haziwezi kuoanisha “mtoto” na “watoto”, yanayotofautiana mwanzoni. Gharama nazo zipo: kila faharasa hula kumbukumbu ya seva hata ikiwa na nyaraka kiduchu, na kwa kuwa kila moja hupima uzito kivyake, kuunganisha matokeo yake katika orodha moja hutoa mpangilio wa kubahatisha.

La usiri halina mjadala mrefu. Katika faharasa ya pamoja, mchujo mmoja uliosahauliwa na mtunga programu hutosha kuanika mafaili ya wagonjwa. Nyaraka za aina hiyo zitengwe, hata kama seva itaelemewa. Tovuti za umma zinazotafutwa kwa pamoja zinaweza kuchangia faharasa moja.