Kuvisha jaa nyasi si kulitibu

Sisi tuliozoea kuingia kisiwa cha Mombasa kwa basi hatukuhitaji kuambiwa kwamba tumefika Kibarani. Pua zetu zilitangulia macho kupata habari. Kandokando ya barabara ya Makupa lilikuwapo jaa kubwa la taka, nalo ndilo lililompokea mgeni kabla ya mwenyeji kumkaribisha. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ililifunga. Udongo ukamwagwa juu yake, miti na nyasi zikapandwa, na mahali palipokuwa aibu ya mji pakaanza kupendeza.

Nilifurahi kama wengine, na niliisifu kazi ile mbele ya wanafunzi wangu tulipopita hapo katika ziara ya shule. Ndipo kijana mmoja mkimya, ambaye aghalabu hunyosha mkono mara moja kwa muhula, aliponiuliza, "Mwalimu, zile taka zilizofukiwa, sasa zinafanya nini huko chini?"

Nilimjibu kijuujuu, nikageuza mazungumzo. Lakini swali lake halijanitoka, na leo nataka kulijibu mbele yenu, walimu wenzangu na wanafunzi.

Mabaki ya chakula yaliyofukiwa huoza na kutoa gesi iwakayo moto. Maji ya mvua hupenya, yakabeba sumu na kuchuruzika hadi visimani, mitoni au baharini. Yapo pia mambo yasiyooza kabisa. Madini ya risasi yatokayo katika betri kuukuu hayaozi wala hayaishi. Mtoto achezaye mchangani hutia mkono kinywani, na risasi ikaingia mwilini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Huvuruga ubongo, na mwalimu asiyejua asili ya jambo hilo humwita mtoto mzito wa kuelewa.

Wenzetu wa mji wa Niagara Falls, Marekani, walijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Kati ya mwaka 1942 na 1953 kampuni moja ya kemikali ilifukia zaidi ya tani 20,000 za taka zake katika mfereji uitwao Love Canal. Kisha ikaufunika na kuiuzia bodi ya elimu ya mji huo kiwanja hicho kwa dola moja tu. Hati ya mauzo yenyewe ilitaja kwamba kemikali zimezikwa humo. Hata hivyo shule ikajengwa, na nyumba zikaizunguka. Mwaka 1978 sumu ilipokuwa imekwisha kupenya hadi katika nyumba za watu, Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura. Shule ilifungwa, na mwishowe mamia ya familia yakahamishwa. Mficha maradhi kilio humfichua.

Kutokana na msiba huo, Marekani ilitunga sheria mwaka 1980 ya kuwatoza waliochafua ardhi gharama ya kuisafisha. Mwaka 1995 serikali yake ikaanzisha mpango wa kuzipa serikali za mitaa fedha za kukagua viwanja vya viwanda vilivyokufa kabla ya kuvipa kazi mpya. Utaratibu wake si mgumu kuelewa. Kwanza huchunguzwa historia ya kiwanja: nani alikitumia, na kwa shughuli gani? Pili, udongo na maji hupimwa. Tatu, kiasi cha usafishaji hulingana na matumizi yajayo, maana ardhi ifaayo kuegesha magari huenda isifae kuchezea watoto. Nyasi huja mwisho.

Hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta ushahidi. Huko Owino Uhuru, papo hapo Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia wakazi sumu ya risasi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo wao usafishwe. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha mwezi wa Desemba 2024. Hesabuni miaka hiyo, enyi wanafunzi. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofungwa alitimiza miaka kumi mawakili wangali wakibishana.

Najua wakuu wa kaunti watasema kwamba kupima udongo kunahitaji fedha, na wananchi wanataka bustani sasa hivi. Ni kweli. Lakini gharama ya kupima ni ndogo mno ikilinganishwa na bilioni 1.3, na hakuna fedha ziwezazo kumrudishia mtoto akili iliyoharibiwa. Katiba ya mwaka 2010 imekabidhi majaa ya taka kwa kaunti. Basi kila kaunti na iwe na daftari la majaa ya zamani, viwanda vilivyofungwa na vituo vya mafuta vilivyohamishwa. Daftari hilo liwe wazi kwa umma, na pasijengwe shule wala uwanja wa michezo katika ardhi iliyoandikwa humo kabla ya matokeo ya vipimo kubandikwa hadharani.

Nasi walimu tusikae kitako tukingoja. Wanafunzi wa historia na jiografia waweza kuwauliza wazee kiwanja cha shule yao kilikuwa nini miaka hamsini iliyopita. Hilo ni zoezi lisilogharimu chochote ila kalamu na adabu.

Waswahili husema funika kombe mwanaharamu apite. Methali hiyo hufaa kusitiri jambo la aibu mbele ya mgeni mpita njia. Haifai kwa jaa, kwa sababu watakaokanyaga udongo ule si wapita njia. Ni watoto wetu, nao watakuwapo hapo kila siku.