Kwa nini sanamu hii ya Nkrumah haina kichwa?

Ukifika kwenye kaburi la Kwame Nkrumah mjini Accra, Ghana, utakuta sanamu zake mbili. Moja ni nzima, mkono umenyooshwa mbele. Nyingine haina kichwa.

Hii ya pili ilisimama mbele ya Bunge hadi Februari 24, 1966, jeshi lilipompindua Nkrumah akiwa safarini Asia. Watu waliokuwa wakimshangilia juzijuzi tu wakaiangusha na kuivunja.

Kichwa kikapotea. Kumbe raia mmoja alikiokota, akakitunza kimyakimya, na miaka mingi baadaye akakirudisha.

Hakijaunganishwa na kiwiliwili. Kimewekwa pembeni juu ya nguzo yake, palepale Nkrumah alipotangaza uhuru usiku wa kuamkia Machi 6, 1957.