Maumivu ya Viungo Yasiyokwisha na Maji ya Visima Mkoani Singida

Mkulima wa alizeti wa Ikungi, mwenye umri wa miaka 50 hivi, anapofika zahanati kwa mara ya nne na malalamiko yale yale, kwamba mgongo umekakamaa na shingo haigeuki bila mwili mzima kugeuka, ni rahisi kumpa tena dawa za kutuliza maumivu na kumwambia ni jembe na umri. Huenda ni kweli. Lakini mkoani Singida lipo swali lisilopaswa kukosekana katika faili lake: tangu utotoni amekunywa maji ya wapi?

Singida, kama ilivyo Arusha, Manyara na Shinyanga, ni miongoni mwa mikoa ambayo maji yake ya ardhini hubeba madini ya floridi yatokayo kwenye miamba. Kiangazi ni kirefu, hivyo visima ndivyo tegemeo. Floridi haionekani wala hainuki, na visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa uhaba wa maji, iliruhusu hadi miligramu 4 kwa miaka mingi.

Wengi huangalia meno tu, na hapo ndipo makosa huanzia. Floridi huharibu tabaka la nje la jino wakati jino linapojengeka ndani ya fizi, yaani hadi umri wa miaka 8 hivi. Aliyehamia kijijini akiwa mtu mzima hubaki na meno meupe hata kama mifupa yake imeathirika. Kinyume chake, meno ya kahawia huthibitisha maji ya utotoni, si chanzo cha maumivu ya leo.

Katika mifupa, floridi hujikusanya kwa miaka mingi. Mfupa huwa mzito kupita kiasi, na kano hujaa chokaa na kukaza. Picha ya eksirei ya uti wa mgongo, nyonga na kigasha huweza kuonyesha hayo. Mwenye figo dhaifu huathirika zaidi, kwa kuwa figo ndizo zinazoitoa floridi mwilini. Magadi ya kulainishia maharage nayo yaulizwe, kwani baadhi yake yana floridi nyingi.

Hata hivyo, kisima kisilaumiwe kwa haraka. Homa, jasho la usiku na kukonda humwelekeza tabibu kwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo. Maziwa mabichi na homa za kurudiarudia, kwenye brusela. Magonjwa hayo yanatibika, hivyo yachunguzwe kwanza. Miguu ikianza kufa ganzi au kulegea, rufaa isicheleweshwe.

Maji hupimwa katika maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji. Kuyachemsha hakuondoi floridi. Maji yanapopungua sufuriani, floridi huzidi kukolea. Dawa ya klorini pia haisaidii. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimeendeleza uchujaji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati huwa na floridi kidogo mno. Mkulima akibadili maji, mifupa yake huipunguza floridi polepole, kwa miaka. Mjukuu wake, ambaye meno ya kudumu hayajaota, ndiye atakayenufaika mapema.