Filamu za Bendi na Swali la Msimulizi

Katika toleo hili tunawapendekezea wasomaji wetu filamu tatu za hali halisi kuhusu bendi za roki za Marekani. Huenda mtu akauliza: roki na Kiswahili, wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba filamu hizi zinahusu kazi ambayo sisi pia tunaifanya, yaani kuwaendea watu, kuwasikiliza, kisha kuwasimulia kwa wengine.

Ya kwanza ni Hype! (1996) ya Doug Pray. Inaonyesha jinsi waandishi wa habari walivyoumiminikia mji wa Seattle baada ya bendi ya Nirvana kuvuma kwa albamu yake ya Nevermind, iliyotoka mwaka 1991. Sehemu inayotuhusu zaidi ni ya Megan Jasper, aliyekuwa amefanya kazi katika Sub Pop, kampuni ndogo ya kurekodi ya mji huo. Mwaka 1992 gazeti la New York Times lilimtaka awatajie misimu ya vijana wa muziki wa granji. Misimu hiyo haikuwapo, basi akaibuni papo hapo, na gazeti likaichapa kama faharasa ya kweli! Mwanafunzi anayekusanya misimu ya mitaani kwa ajili ya tasnifu hana budi kuitazama sehemu hii. Ukimwendea mtu mmoja tu na kumdai orodha ya maneno nje ya mazungumzo, unaweza kurudi na msamiati usio na msemaji hata mmoja.

Ya pili ni DiG! (2004) ya Ondi Timoner, iliyopata tuzo kuu ya filamu za hali halisi katika tamasha la Sundance mwaka huo. Timoner aliziandama kwa miaka saba bendi mbili zilizoanza kwa urafiki na kuishia katika uhasama: The Dandy Warhols na The Brian Jonestown Massacre. Msimulizi wake ni Courtney Taylor-Taylor, kiongozi wa bendi ya kwanza. Kwa hiyo misukosuko ya bendi ya pili tunasimuliwa na hasimu wake, na Anton Newcombe, kiongozi wa bendi hiyo ya pili, alilalamikia jinsi alivyochorwa. Mwaka 2024 lilitoka toleo jipya, DiG! XX, lenye usimulizi wa ziada wa Joel Gion wa bendi hiyo hiyo. Walimu wa fasihi watapata hapa somo zuri la nafsi ya msimulizi. Tunatahadharisha tu kwamba filamu hii ina matusi na matumizi ya dawa za kulevya.

Ya tatu ni I Am Trying to Break Your Heart (2002) ya Sam Jones. Alikwenda kuipiga picha bendi ya Wilco ikirekodi albamu ya Yankee Hotel Foxtrot. Kazi ikiendelea, mwanamuziki Jay Bennett akaachana na bendi, na kampuni ya Reprise ikaikataa albamu. Wilco wakaiweka kwenye intaneti mwaka 2001, na mwaka 2002 ikatolewa na Nonesuch, kampuni iliyokuwa chini ya mmiliki yule yule wa Reprise. Jones hakufunga virago mpango wake ulipovurugika, bali aliendelea kurekodi yaliyotokea. Mtafiti wa nyanjani naye hufikwa na hali kama hiyo.

Filamu zote tatu ziko katika Kiingereza. Tunashauri darasa lichague dakika tano na kuziandikia tafsiri ya Kiswahili ya chini ya picha. Kikwazo cha kwanza kitakuwa neno la kuwataja kwa pamoja wanamuziki, mashabiki, kumbi na studio za mji mmoja. Je, tuseme ulimwengu wa muziki, uwanja wa muziki, au jumuiya ya muziki? Tunangoja majibu yenu, pamoja na sababu zake.