Sumu Isiyoonekana Katika Udongo na Kisima

Mwezi huu tuzungumze juu ya dawa za kuulia wadudu, ambazo familia nyingi hapa Bombambili tunazitumia shambani na katika kuhifadhi mahindi. Dawa hizo zinatusaidia. Lakini zikimwagika ardhini, huenda wapi? Kuchemsha maji huua vijidudu vya kuhara, ila hakuondoi sumu ya namna ya DDT.

Tutazame yaliyotokea Vikuge, wilayani Kibaha. Mwaka 1986 dawa za msaada kutoka Ugiriki, baadhi zikiwa zimekwisha muda wake, ziliwekwa katika banda la wazi kwenye shamba la majani ya mifugo. Banda lilianguka, sumu ikaingia ardhini. Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa, na mpita njia angeweza kudhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Taarifa ya watafiti iliyochapwa mwaka 2004 ilionyesha kwamba udongo wa juu, mahali pengine, ulikuwa na DDT na mabaki yake hadi asilimia 28. Yaani gramu 280 katika kilo moja ya udongo! Sumu ilikutwa hadi kina cha sentimeta 50, na katika maji ya kisima pia.

Sumu kama hiyo hutambuliwaje? Kifaa kinachotegemewa sana ni spektrometa ya masi, ambayo tunaweza kuiita mizani ya chembe. Kwanza sumu hutolewa katika udongo kwa kimiminika maalumu, kisha hugeuzwa mvuke na kupitishwa katika bomba refu, jembamba kama uzi. Kila kemikali hutoka kwa wakati wake. Ikitoka, hupigwa kwa elektroni, ikavunjika vipande vyenye umeme, na mashine hupima uzito wa kila kipande. DDT hutoa kwa wingi kipande cha uzito wa 235. Ndugu yake, DDD, hutoa kipande hicho hicho. Kwa hiyo mpimaji hutazama pia muda wa kutoka kwenye bomba, kama sisi tunavyomtambua mtu kwa sura na kwa mwendo wake.

Kipimo hiki ni cha maabara kubwa, wala hakuna zahanati itakayotupimia kisima namna hiyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, ambao hauruhusu DDT shambani, bali kwa kupambana na wadudu waenezao magonjwa tu.

Nyumbani, dumu la dawa lisichotewe maji wala kuwekewa mafuta ya kupikia, hata likioshwa mara kumi. Mbegu zilizopakwa dawa zisiliwe. Dawa iliyokwisha muda isifukiwe karibu na kisima. Tumwulize bwana shamba. Na akina mama wanaonyonyesha: ingawa DDT huweza kupita katika maziwa, msiache kunyonyesha kwa hofu hiyo. Maziwa ya mama bado ndiyo chakula bora cha mtoto.