Ithibati ya dhana: Funzo la Sarang'ombe kwa waundaji wa mifumo

Katika ofisi za waundaji wa mifumo ya habari jijini Nairobi, mtu akileta wazo jipya huambiwa kwanza alete PoC. Herufi hizo tatu za Kiingereza zimezoeleka hivi kwamba ni wachache wanaojiuliza zingeitwaje kwa Kiswahili. Wapo wanaosema 'uthibitisho wa wazo'. Mimi napendelea 'ithibati ya dhana', na ninayo sababu.

Neno 'dhana' tulilipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kukisia. Kiswahili kimehifadhi pande zote mbili za neno hilo. Mhadhiri akisema 'dhana' ana maana ya wazo lililofafanuliwa kitaalamu. Lakini jirani akikuambia, "Nilidhani umeshasafiri," anakiri kwamba hakuwa na hakika. Ithibati, kwa upande wake, ndiyo huondoa shaka. Basi ithibati ya dhana ni jaribio dogo, linalofanywa kabla pesa nyingi hazijamwagwa, ili tujue kama jambo tunalolikisia linawezekana kweli.

Istilahi hii isichanganywe na jamaa zake wawili. Kielelezo hutuonyesha mfumo utakavyokuwa na utakavyotumika. Mradi wa majaribio huupeleka mfumo huo kwa watumiaji halisi, katika mazingira yao. Ithibati ya dhana hutangulia, nayo huuliza swali moja tu: hili jambo linawezekana au la?

Tuchukue mfano wa Kibera. Hadi mwaka 2009, mtaa huu unaojulikana duniani kote haukuwa na ramani ya umma iliyoonyesha vichochoro, zahanati, shule na mabomba yake ya maji. Mwishoni mwa mwaka huo Erica Hagen na Mikel Maron walianzisha mradi wa Map Kibera. Dhana yao ilikuwa rahisi kuieleza: wakazi wenyewe, wakipewa mafunzo mafupi na vifaa vidogo vya GPS, wanaweza kuchora ramani ya mtaa wao na kuiweka kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya dunia. Vijana 13 walipita kwa miguu katika vijiji vya Kibera, Gatwekera ya Sarang'ombe ikiwemo. Baada ya majuma machache tu, ramani ilikuwepo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kichochoro hakichoreki na mtu aliyeketi ofisini.

Je, ni nini hasa kilichothibitishwa hapo? Kwamba wakazi wanaweza kuchora. Kwamba ramani ingetumika ni dhana nyingine, nayo ilihitaji ithibati yake. Ndiyo maana mwaka 2010 kazi iliendelea kwa mada mahususi kama vile afya, usalama, elimu, maji na usafi, na ramani zikachapishwa kwenye karatasi ili zijadiliwe na wakazi. Hebu fikiria: mwenye duka asiye na intaneti angenufaika vipi na ramani iliyo kwenye tovuti pekee?

Mfano wa pili ni M-Pesa. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom, zikishirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya, zilianza majaribio Nairobi na Thika kwa wateja wasiofika 500. Dhana ilikuwa kwamba mkopaji anaweza kupokea na kulipa mkopo wake kwa simu. Ikathibitika kwamba anaweza. Lakini Faulu walipata tabu kuoanisha hesabu zao na mfumo huo mpya, huku wateja nao wakibuni matumizi yao: kulipana katika biashara, kumlipia mwenzao mkopo, hata kuhifadhi pesa humo wanaposafiri. Mfumo ulipozinduliwa kwa umma Machi 2007, mikopo iliwekwa kando na kazi kuu ikawa kutuma pesa nyumbani. Walioendesha majaribio hayo waliwatazama watu kwa makini kuliko walivyoitazama mitambo.

Kutokana na mifano hii tunaweza kutaja desturi nne njema. Kwanza, swali liandikwe kabla ya kazi kuanza. Pili, kiwango cha kufaulu na cha kushindwa kiwekwe mapema, maana akishapata picha nzuri za kuonyesha wafadhili, mtafiti huona kila kitu kimefaulu. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Tatu, jaribio lifanywe kwa simu na mtandao ambao watu wa mahali hapo wanao kweli. Nne, matokeo yarudishwe kwa walioshiriki, yawe mazuri au mabaya.

Hiyo ya nne ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo yenye uzito zaidi kwa mahali kama Sarang'ombe. Mtafiti jaribio lake likishindwa, bado anaandika makala na kupata sifa. Mkazi aliyejibu maswali, akaonyesha mlango wake na kutoa nambari yake ya simu, hubaki bila chochote, na wiki ijayo anabishiwa hodi na mwingine mwenye maswali yale yale. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu aeleze anazikusanyia nini. Kumwambia mkazi "tunajaribu tu" hakutoshi. Jaribio likiwa dogo kiasi gani, taarifa za huyo mtu ni zake.

Kwa hiyo anayekuja mtaani na ithibati ya dhana aulizwe maswali mawili: dhana yenyewe ni ya nani, na ithibati ikishapatikana itabaki kwa nani? Asiyekuwa na majibu bado hajawa tayari kuanza.